Shajara ya mradi: Michoro ya Mzee kutoka stoo ya Chang'ombe

Januari, mwanzoni

Naanza na hali ya mzigo wenyewe. Michoro iko kwenye stoo nyuma ya nyumba ya familia, Chang'ombe. Mingine imeegemezwa ukutani kama milango kwa fundi seremala, mingine imelazwa juu ya kichanja pamoja na ndoo, jiko bovu la mchina na magunia matupu. Hadibodi ni nyingi, karatasi nyingi zaidi, turubai ya kweli, ile ya wachoraji, chache mno. Mchwa wamekula pembe za zile zilizogusa sakafu. Ukungu mweupe uko karibu kila mahali, na ukifungua mlango harufu yake inakupokea kabla ya mwenyeji.

Aliyeichora ni marehemu. Alikuwa mchora ramani serikalini, akastaafu, akafariki, na kwenye msiba wake hakuna aliyemtaja kama msanii. Majirani walijua tu kwamba mzee anachorachora. Alichokuwa akichora ni sanaa dhahania tupu: hakuna mtu, hakuna mnyama, hakuna Mlima Kilimanjaro wala jahazi. Mistari, madoa ya rangi, kisha mistari juu ya madoa. Alifanya hivyo tangu miaka ya 70 hadi macho yalipomchoka.

Jina lake silitaji humu. Familia imeomba lisitoke hadharani mpaka mirathi ikamilike, nasi tumekubali. Inachekesha kidogo, mradi wa kumtoa mtu kwenye usahaulifu huku jina lake limefungiwa kabatini, lakini ombi la wafiwa ni ombi la wafiwa. Humu ataitwa Mzee.

Tunacholenga ni maonyesho madogo, picha zisizozidi ishirini, kwenye ukumbi wetu Mikocheni, masika yakishapita. Tuko watatu: mimi ninayeratibu, mpiga picha, na kijana wa chuo anayejifunza kazi za makumbusho. Bajeti ipo ya fremu, usafiri na chai. Ya bima haipo.

Januari, wiki ya tatu

Tumekaa barazani na mjane wake. Nilifuatana na binti yake wa pili, ambaye ndiye anayetuunganisha na familia.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Mmekuja kuzichukua?"

"Tumekuja kuomba, Mama. Hatutoi kitu bila ruhusa yako."

"Mtazirudisha? Maana yuko mmoja alikuja akachukua mbili, akasema anakwenda kumuuzia Mzee huko Oysterbay. Mpaka leo namsubiri."

Ndipo nilipoelewa kwa nini stoo ya vitu vibovu ina kufuli mbili. Tumekubaliana hivi: kila mchoro unaotoka unaandikwa kwenye daftari la karboni, vipimo vyake, maelezo mafupi, na sahihi mbili, yake na yangu. Nakala ya juu inabaki kwake. Kaka mkubwa wa yule binti alipiga simu akaongeza sharti lake: hakuna kinachouzwa, hata akija balozi. Sawa kabisa, na kwangu mimi ni afadhali. Ukianza na bei, hakuna atakayetazama picha tena.

Februari

Swali linalonisumbua ni hili: mtu anachoraje miaka yote hiyo ndani ya Dar es Salaam bila kuonekana?

Jibu ambalo wengi wananipa ni kwamba sanaa ya namna hii si yetu, ndiyo maana haikupata watu. Silikubali. Wamakonde wamekuwa wakichonga mawingu kwenye mpingo, vipande vilivyojipinda vyenye matundu, visivyo na uso wala mkono, navyo vinauzwa Mwenge miaka nenda miaka rudi. Na sijawahi kusikia mtu akiuliza mkeka wa ukindu unamaanisha nini kabla ya kuukalia.

Mimi naona mambo mawili, soko na karatasi.

Soko kwanza. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwishoni mwa miaka ya 60, kwa rangi za kupaka baiskeli juu ya hadibodi, wanyama na ndege juu ya uwanja wa rangi moja. Polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu mwaka 1972, akafa akiwa na miaka michache tu ya kazi. Ndugu na wanafunzi wake wakaendeleza, na mtindo ule ukawa ndio sura ya uchoraji wa Tanzania machoni pa mgeni. Mgeni anapenda kitu ambacho akifika kwao anaweza kukitaja: huyu tembo, huyu shetani. Upande wa wasomi kulikuwa na njia nyingine. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, alisoma Makerere na baadaye London, akawa balozi wetu Uingereza, na mwaka 1960 jumba la sanaa la MoMA la New York lilinunua mchoro wake wa watu wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Naye alichora watu, migomba, sherehe. Mchora ramani asiye na cheti cha sanaa, anayechora mistari isiyokuwa na tembo wala bibi harusi, hakuwa na mlango hata mmoja kati ya hiyo. Tena alikuwa na mshahara. Hakulazimika kubisha hodi.

Sasa karatasi. Mzee hakuandika tarehe wala kichwa cha mchoro. Sahihi yake, ikiwepo, ni herufi mbili ndogo za kalamu ya wino, nadhifu kama maandishi ya pembeni mwa ramani. Hakuna orodha, hakuna barua, hakuna risiti. Ukimsoma Hilma af Klint wa Uswidi unaona tofauti. Alianza michoro yake dhahania mwaka 1906, kabla ya wanaume wengi waliokuja kupewa sifa ya kuianzisha, na akaagiza isionyeshwe mpaka miaka ishirini baada ya kifo chake, kilichotokea 1944. Hata hivyo aliacha madaftari kwa maelfu ya kurasa, yamepangwa. Watu walipokuwa tayari kumtazama, kila kitu kilikuwepo, na maonyesho yake kwenye jumba la sanaa la Guggenheim, New York, ya 2018 hadi 2019 yakaingiza watu zaidi ya 600,000.

Aliye karibu zaidi na Mzee ni Ernest Mancoba. Alizaliwa Afrika Kusini 1904, akaenda Paris 1938, Wajerumani wakamweka kambini wakati wa vita, na humohumo kambini akafunga ndoa na mchongaji Sonja Ferlov wa Denmark. Mchoro wake wa 1940 ni miongoni mwa kazi za mapema kabisa za sanaa dhahania kutoka kwa Mwafrika. Alishiriki kundi la wasanii wa Ulaya lililoitwa CoBrA, lakini vitabu vya kundi hilo vilimruka kwa miongo mingi. Picha zake nyingi hazina kichwa. Alifariki 2002 akiwa na miaka 98, na Centre Pompidou ya Paris ilimfanyia maonyesho yake mwaka 2019.

Nikija nyumbani, kuna Everlyn Nicodemus, mzaliwa wa Marangu, aliyefanya maonyesho yake ya kwanza hapahapa Makumbusho ya Taifa mwaka 1980. Yeye ni mwanazuoni, ameandika, amehifadhi. Maonyesho makubwa ya kuangalia kazi yake yote yalikuja kufanyika Edinburgh mwaka 2024. Ikiwa aliyeandika alisubiri hivyo, asiyeandika kitu je?

Februari, mwishoni

Usafi. Hii ni kazi ya pumzi, kwa maana zote mbili.

Kipima unyevu tulichokiacha stoo usiku kinasoma zaidi ya asilimia 80. Ukungu huanza kustawi unyevu ukipita 65 hivi, kwa hiyo stoo ile ni shamba lake. Tunatoa michoro michache kwa wakati, tunaiweka kivulini chini ya mwembe ikauke polepole. Jua la moja kwa moja marufuku, maana hadibodi inajikunja na rangi inapasuka. Ukungu ukishakauka unatoka kwa brashi laini ya kunyolea, tunasukumia upande mmoja tu, barakoa puani. Maji hatugusi. Kijana wetu alikuwa na hamu ya kujaribu spiriti kwenye doa moja sugu. Nimemwambia doa likae. Doa ambalo limekaa miaka thelathini haliwezi kutushinda kwa mwezi mmoja wa ziada, ila rangi ikishatoka na pamba hairudi.

Hadibodi zake karibu zote ni futi mbili kwa mbili. Hicho ndicho kipimo walichokuwa wakitumia wachoraji wa Tingatinga, na sababu yake ni hesabu ya dukani: shiti nzima ni futi nane kwa nne, ukiikata hivyo unapata vipande nane bila kutupa hata kipande. Nikaipenda sana hiyo. Mtu aliyekuwa nje kabisa ya mtindo wao alikuwa akipanga foleni kwenye duka lao.

Machi

Tumepata tarehe ya kwanza!

Nyuma ya baadhi ya hadibodi Mzee alibandika magazeti kwa uji wa unga, nadhani kuzuia vumbi. Kwenye mojawapo kichwa cha ukurasa kimeliwa na mende, tarehe haipo, lakini habari iliyobaki ni ya maombolezo ya Sokoine. Edward Sokoine, Waziri Mkuu, alikufa kwenye ajali ya gari Dakawa tarehe 12 Aprili 1984. Kwa hiyo gazeti halikubandikwa kabla ya mwezi huo. Haisemi mchoro ulichorwa lini, inaweka tu mpaka wa upande mmoja, ila ukikaa miezi miwili bila tarehe yoyote, mpaka wa upande mmoja ni sherehe. Mpiga picha alinunua soda.

Kutokana na hapo tumeanza kupanga kwa rangi, na hapa ndipo kazi ilipokolea. Kuna kundi la picha lenye rangi tatu tu: wino mweusi, buluu iliyopauka, na ule wekundu wa redi oksaidi, rangi ya chini inayopakwa mageti na mabati. Binti yake anakumbuka baba akiomba mabaki ya kopo kila jirani alipopaka geti. Kisha kuna kundi jingine ambamo njano na kijani vinaingia kwa fujo, halafu zambarau, halafu kila kitu.

Yeyote aliyeishi hapa mjini anaweza kuunganisha. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni ziliadimika, maduka yakawa matupu, sabuni ya kufulia yenyewe ilikuwa ya kujuana. Nani angeagiza rangi za wasanii? Katikati ya miaka ya 80 milango ya biashara ikaanza kufunguliwa, Mzee Mwinyi akaingia Ikulu mwaka 1985, ikawa ruksa, na bidhaa zikarudi Kariakoo. Ile ya Sokoine ina rangi tatu, na pembeni mstari mmoja mwembamba wa njano. Nimeutazama ule mstari mpaka nikaitwa kula.

Kwa hiyo mpangilio wetu wa muda ni huu: rangi tatu kwanza, rangi nyingi baadaye. Kwenye maelezo ya ukutani tutaandika "mwanzoni mwa miaka ya 80" na si mwaka kamili. Kijana anataka tuandike mwaka, anasema watazamaji wanapenda namba. Watapenda, lakini namba ikishaandikwa ukutani itanakiliwa, na baada ya miaka kumi itakuwa ukweli ambao hakuna anayejua ulitoka wapi.

Machi, siku za kupiga picha

Taa mbili, kila moja pembe ya nyuzi 45, kamera katikati, kadi ya rangi chini ya mchoro. Hiyo ni ya katalogi na haina hadithi. Hadithi ilikuja kwa taa moja.

Mpiga picha wetu ana tabia ya kuzima taa zote na kuilaza moja ubavuni, karibu sambamba na uso wa mchoro, ili mikwaruzo na mabonde ya brashi yatupe vivuli. Kwenye hadibodi moja nyeusi, ambayo mimi nilikuwa nimeiweka kundi la "labda", pembe ya chini kulia ikainuka shingo. Shingo ndefu, vipembe viwili, mgongo unaoteremka. Twiga mzima, wa ukubwa wa kiganja, chini ya rangi nyeusi.

Tulipompelekea Mama picha kwenye simu alicheka mpaka akashika mbavu.

"Huyo ni wa yule mtu wa Oysterbay. Alimwambia mume wangu, mzee weka twiga hapo pembeni, itauzika. Akaweka. Usiku akakaa anaitazama, asubuhi nikakuta kampaka mweusi."

"Alikasirika, Mama?"

"Wala. Alisema twiga anavuruga mizani."

Mchoro umetoka kundi la "labda". Utatundikwa kwenye ukuta mwembamba karibu na mlango, na taa yake italala ubavuni. Maelezo hayatamtaja twiga. Anayemwona amwone.

Aprili

Mvua. Barabara ya Morogoro imefungwa Jangwani mara kadhaa, mafundi wanachelewa, na mizigo haitoki Chang'ombe kwa sababu hatutaki kupakia hadibodi kwenye kirikuu lisilo na turubai la uhakika. Mashine moja ya hewa ukumbini inafanya kazi usiku na mchana, na umeme ukikatika tunafunga madirisha na kuomba Mungu.

Siku moja ya mvua hizo alikuja mzee aliyefanya kazi na marehemu, ofisi moja, meza zikitazamana. Alikuwa amezunguka mbali kwa bajaji ili asipite bondeni. Nikamuamkia, nikamkaribisha kiti, akakataa kiti. Alitembea taratibu mbele ya picha zilizoegemezwa ukutani, mikono nyuma, hadi kwenye ile kubwa ya karatasi iliyochorwa kwa kalamu ya Rotring, ile ya wino ya wachora ramani, mistari mamia inayotiririka pamoja na kuachana.

"Hii ni Msimbazi," akasema.

Nikadhani anazungumzia mafuriko. Akanyoosha kidole, bila kugusa karatasi. "Inatoka huku vilima vya Pugu. Hapa Vingunguti. Hapa inapanuka, Jangwani. Hapa Salenda, inaingia baharini. Hizi ni kontua. Mwenzangu huyu alichora kontua maisha yake yote."

Kwa ambaye hajawahi kushika ramani ya aina hiyo: kontua ni mstari unaounganisha sehemu zote zenye kimo kimoja kutoka usawa wa bahari. Mistari ikibanana, ardhi ni mteremko mkali. Ikiachana, ni tambarare. Mchora ramani mzuri anaisoma kama wewe unavyosoma gazeti. Nikatazama tena na kweli, bonde lilikuwepo, miezi yote hii lilikuwa mbele yangu.

Kisha yule mzee akasimama, akainama karibu zaidi, akavua miwani na kuivaa tena.

"Hapa kakosea."

"Wapi, baba?"

"Hapa. Na hapa. Kontua hazikatani. Sehemu moja haiwezi kuwa na vimo viwili. Hii ni kitu cha kwanza kufundishwa." Akanyamaza. "Na huyu hakuwa mtu wa kukosea. Alikuwa anatusahihisha sisi."

Tukaanza kuhesabu mistari inayokatana, tukaacha, ni mingi mno. Inaanza kukatana kidogo karibu na Vingunguti, na ikifika Jangwani imekuwa wavu. Kila mahali ambapo sheria ya kazi yake ingemtaka asimamishe kalamu, ameivusha. Asubuhi alichora bonde kwa mwajiri, jioni akachora bonde ambalo haliwezekani. Hapo ndipo nilipoacha kumfikiria kama mtumishi mwenye kipaji cha pembeni. Alijua sheria ile kwa mkono wake na akaivunja kwa mkono huohuo, polepole, kwa kalamu ambayo haifutiki.

Yule mzee alikunywa chai, akauliza tena kuhusu maonyesho, akasema atakuja na wastaafu wenzake.

Aprili, ubishi

Kijana anataka tuandike ukutani: "Bonde la Msimbazi". Anasema watu wa Dar wakiona Msimbazi watasimama, wasipoona watapita. Ana hoja. Mto ule kila mtu ana kisa chake nao.

Mimi napinga. Ukiliandika, kila anayeingia atatafuta daraja la Salenda, akilipata ataridhika na kuondoka, na mistari inayokatana, ambayo ndiyo kazi yenyewe, haitaonwa na mtu. Ramani ndiko alikotokea Mzee. Alikokwenda ni kwingine. Binti yake anakubaliana nami, kaka mkubwa anakubaliana na kijana, Mama anasema tuandike chochote lakini herufi ziwe kubwa kwa sababu wazee hawaoni.

Tulikofikia: ukuta utasema "Bila kichwa, wino kwenye karatasi", na yule mzee mstaafu atakaa ukumbini Jumamosi, kwenye kiti, karibu na mchoro. Anayetaka Msimbazi amuulize.

Mei, upande wa juu

Mchoro dhahania usio na sahihi unawekwaje ukutani? Juu ni wapi? Usicheke. MoMA walitundika Le Bateau ya Matisse kichwa chini kwa siku 47 mwaka 1961, na waliopita mbele yake hawakustuka, mpaka mtazamaji mmoja alipolalamika. Mchoro wa Piet Mondrian wa 1941, New York City I, ulining'inia kichwa chini kwa miongo mingi hadi msimamizi wa jumba la Düsseldorf alipolitangaza jambo hilo mwaka 2022. Wameuacha ulivyo, kwa sababu kanda za gundi zilizoutengeneza zimechoka na kuugeuza kungeuharibu.

Sisi tunatumia ishara ndogo. Rangi iliyochuruzika inaonyesha chini. Vumbi hukaa kwenye ukingo wa juu, kwa hiyo ukingo mchafu zaidi ndio uliokuwa juu miaka yote. Tundu la msumari nalo linasaidia. Kwa michoro mingi hilo limetosha.

Isipokuwa hadibodi moja ya rangi nyingi yenye matundu pande zote nne, na vumbi pande zote nne. Binti yake alieleza: ilikuwa sebuleni, na baba alikuwa akiigeuza. Wakiamka wanakuta imegeuka. Watoto walidhani ni mchezo wake nao. Inawezekana ilikuwa hivyo pia, lakini mchora ramani huilaza karatasi mezani na kuizunguka, haijui juu. Tutaitundika kwa waya nne na kuigeuza kila Jumamosi asubuhi kabla ya kufungua.

Mei, mambo ya sheria

Kwa ufupi, kwa wenye miradi kama huu. Kumiliki picha si kumiliki hakimiliki yake. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 1999, haki hiyo inadumu maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake, na inarithiwa. Kwa hiyo hata mtu aliyenunua mchoro kihalali hawezi kuuchapisha kwenye kalenda bila idhini ya warithi. Anayesaini kwa niaba ya warithi ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, siyo kaka mkubwa kwa ukubwa wake. Tumesubiri uthibitisho huo kabla ya kuchapisha hata kipeperushi.

Juni, kutundika

Katikati ya kila picha iko sentimita 150 kutoka sakafuni. Ukuta wa tofali za saruji uliumaliza uvumilivu wa drili ya kuazima, fundi akaleta yake. Tumepunguza idadi mara mbili, na nina furaha na nafasi tupu zilizobaki. Ukuta wa rangi tatu uko kushoto, ukiingia. Ule mstari wa njano uko mwishoni mwa ukuta, na ukipiga kona ndipo rangi zote zinapokushukia.

Juni, baada ya ufunguzi

Watu walikuja wengi kuliko viti. Wanafunzi, majirani wa Chang'ombe waliokodi Hiace, wachoraji wawili watatu wa mjini waliosimama muda mrefu bila kusema kitu. Mgeni mmoja aliuliza bei kabla ya kuuliza jina. Dereva wa ile Hiace aliingia kutafuta choo, akabaki mbele ya mchoro wa wino, kisha akamwambia yule mzee mstaafu kwamba hilo ni foleni ya Tazara saa kumi na mbili jioni. Yule mzee alimjibu kwa adabu kwamba inawezekana. Twiga ameonwa na mtoto wa miaka sita hivi, aliyekuwa na kimo sahihi cha kumwona. Ikabidi watu wazima wapange mstari kuchuchumaa.

Mama alikaa kiti cha mbele na kupokea shikamoo za watu wazima wenye vyeo. Aliniuliza jambo moja tu, kama picha zikirudi zitarudi stoo ileile. Nimemwambia hapana. Chumba cha uani kinapigwa plasta wiki ijayo, rafu zitakuwa za chuma, na zote zitainuliwa kutoka sakafuni, mbali na mchwa.

Kinachofuata ni karatasi. Bado kuna bunda la karatasi kubwa tulizoziacha zimekunjwa kwa sababu zingepasuka, nyingi zimechorwa nyuma ya ramani chakavu. Tunazilainisha kwa unyevu kidogo kidogo, moja kwa wakati, kati ya blotingi na vioo. Kariakoo kuna mchapishaji mwenye skana pana ya ramani za wahandisi, anatoza kwa mita, na amekubali tulete zetu asubuhi kabla ya wateja wake kuanza kupanga foleni. Kijana ameshatengeneza orodha. Safu ya tarehe ameiacha wazi.